Beringi za Injini Ndogo ya Baba

Ipyana, Kyela,
14 Julai 2024.

Mpendwa kaka Amon,

Ugonile! Nakusalimu wewe, wifi Doreen na mwanenu Asajile, nikiamini kwamba Bukoba imewaamkia vizuri. Kabla ya yote nataka kujua goti lako linaendeleaje, lile uliloumia ukiteremsha jokofu la watu ngazini. Wifi aliniambia kwenye simu kuwa unachechemea na hutaki kwenda kupimwa. Nenda, kaka. Wewe unayefungua majokofu ya mji mzima usione aibu na wewe kufunguliwa ukaangaliwa.

Sisi huku hatujambo. Mpunga tumeshavuna, na mashine yangu ya kukoboa haipumziki tangu mwisho wa mwezi wa tano. Nikienda kanisani bado nina vumbi la pumba masikioni. Kakao ya Baba imezaa vizuri upande wa mto, upande wa barabarani imekataa, na yeye anasema imekataa kwa sababu niliipalilia mimi.

Najua utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Nimejaribu simu mara mbili. Mara ya kwanza uliniuliza habari nikajibu nzuri, tukaishia hapo. Mara ya pili nilianza kulia kabla hujapokea, nikakata. Kwenye karatasi nikilia hakuna anayesikia, na nikikosea nafuta. Kwa hiyo vumilia, kaa chini, soma mpaka mwisho. Kuna jambo langu humu ambalo unanidai tangu ukiwa kijana, na nitalifikia, ila uniache nilifikie kwa miguu yangu.

Habari kubwa ni Baba. Mwezi wa tano alitolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia, na sasa anaona. Tulimshukuru Mungu siku mbili, baada ya hapo tukaanza kutaabika. Aliona kwamba ukuta wa jikoni una ufa. Aliona kwamba paka si yule wa zamani. Aliona kwamba mimi nimenenepa, na hilo alilisema mbele ya wateja waliokuja kukoboa. Hezroni, yule mtu wa Busale anayeniendeshea mashine, alicheka mpaka akaketi juu ya gunia la mteja.

Wiki ya pili Baba akauliza injini iko wapi.

Hakuhitaji kusema injini ipi. Ilikuwa kwenye kasha la bati chini ya kitanda chake, imefungwa kwa kanga ya bluu ya marehemu mama, na haikuwa imefunguliwa tangu Julai ya mwaka 2002. Ni ndogo kuliko nilivyoikumbuka. Inaenea kwenye viganja viwili. Bado inapendeza, kaka. Ile nyumba yake ya aluminiamu, aliyoiyeyusha kutoka kwenye pistoni mbovu na sufuria ya mama iliyotoboka, bado ina mikwaruzo ya tupa yako. Miaka yote aliyofanya kazi kwenye vyumba vya injini za meli pale bandari ya Itungi, Baba alikuwa akisema siku moja atatengeneza ya kwake, ya kukaa mezani, inayonguruma kama zile kubwa. Akaitengeneza, na miezi kumi na moja wewe ndiye uliyemshikia taa.

Akajaribu kuizungusha kwa vidole. Haikusogea hata unywele. Akanisukumia upande wangu wa meza.

"Zitoe hizo beringi," akasema. "Mimi mikono inatetemeka. Wewe si unazing'oa kila siku kwenye mashine yako?"

Nikamwambia nina kazi nyingi. Akasema atasubiri. Unamjua Baba akisema atasubiri. Alileta kiti chake mpaka kwenye kibanda cha mashine, akaketi na ile injini mapajani, akawasimulia wateja wote habari za mafuta ya meli. Siku ya tatu nikasalimu amri.

Acha niisimulie ile siku ya Itungi kama ninavyoikumbuka mimi, uone kama tunakumbuka sawa. Wewe ulikuwa na miaka ishirini, mimi kumi na sita. Beringi zote mbili, kubwa ya nyuma na ndogo ya mbele, Baba alikuachia uziingize peke yako, kwa mara ya kwanza. Mwalimu wa chuo cha ufundi alikuwa anakuja Jumamosi kuiona injini ikifanya kazi, na akiridhika upate nafasi ya kusoma. Watu walijaa pale bandarini. Injini ikawaka, ikanguruma vizuri kwa dakika labda mbili, na mama akaanza kupiga vigelegele. Ghafla ikalia kama nguruwe anayekamatwa, ikanyamaza.

Baba hakuifungua. Aliishika tu mkononi, akakutazama, akasema mbele ya mwalimu na watu wote kwamba beringi umeziingiza upande, na kwamba mkono wako ni wa jembe, si wa chuma. Mwalimu akaandika kitu kwenye daftari lake, akaaga. Mwezi haukuisha ukapanda basi. Tangu hapo wewe na Baba mnaongea kama makarani wa ofisi mbili. Hata kwenye msiba wa mama mlizungumzia mbao za jeneza, basi.

Turudi kwenye injini. Niliiloweka kwenye dizeli siku tatu. Silinda na pistoni vilitoka bila ugomvi, ila krankshafti, ule mhimili unaozunguka, ikagoma kabisa, maana beringi zilikuwa zimeing'ang'ania, na zenyewe zimeng'ang'ania nyumba. Kwenye mashine yangu beringi ikigoma naipiga kwa nyundo, na ikiendelea kugoma natafuta nyundo kubwa zaidi. Basi nikanyanyua nyundo. Baba akanidaka mkono, na mkono wake safari hiyo haukutetemeka.

"Hiyo ni sufuria ya mama yako," akasema. "Ukiipasua, nyingine utaitoa wapi?"

Akanifundisha, kaka, kama alivyokuwa akikufundisha wewe, na mimi nilikuwa nikifagia pembeni bila kusikiliza. Aluminiamu hutanuka upesi kuliko chuma. Ukiipasha nyumba yote kwa pamoja, tundu linapanuka na beringi inaachia yenyewe, bila matusi. Moto wa mkaa haufai kwa sababu unachoma upande mmoja. Alitaka jiko la pumba, kama lile la mama la kuchemshia maharage, na juu yake chungu cha mchanga wa ziwani uliooshwa na kukaushwa, injini izikwe humo taratibu. Pumba ninazo mlima mzima nyuma ya mashine. Mchanga Hezroni aliufuata kwa pikipiki, akarudi na ndoo ya mchanga na samaki watatu, akidai vyote vilikuwa njiani.

Nikauliza tutajuaje kwamba joto limefika. Baba akatoa punje ya mpunga mfukoni. Unaiweka juu ya aluminiamu, unasubiri. Ikipasuka ikawa bisi nyeupe, umefika. Ikiungua ikawa nyeusi, umepitiliza, kazi imeharibika. Nimekula wali miaka thelathini na minane, nimekoboa magunia yasiyo na idadi, na sikujua kwamba nilikuwa nikikoboa vipimajoto.

Sasa nikuambie ukweli: nilikuwa nimepanga kuiosha ile injini kwa petroli kwanza, peke yangu, Baba akiwa amelala mchana. Nilishaficha chupa ya petroli nyuma ya magunia. Baba akaiona kwa lile jicho lake jipya, akasema petroli na moto haviishi nyumba moja, akamwagiza Hezroni aipeleke mbali. Kwa hiyo tukaizika injini mchangani na uchafu wake wote wa miaka ishirini na miwili, tukaketi watatu kusubiri punje ipasuke. Mimi nilikuwa naomba Mungu isipasuke.

Kabla haijapasuka ikaanza harufu.

Kaka, mficha uchi hazai, na mimi huu nimeuficha mno. Alhamisi ile, siku mbili kabla ya Itungi, Baba aliniagiza nitie matone manne ya mafuta ya nyonyo kwenye kila beringi. Nikaenda kuchukua chupa, nikakuta tupu. Ilikuwa tupu kwa sababu niliimaliza mimi, kichwani kwangu. Kwaya yetu ilikuwa iimbe Jumapili, na wasichana wote tulikuwa tukipaka nyonyo nywele zing'ae. Niliogopa kusema. Nikaingia jikoni, nikachota mawese kwenye chungu cha mama, na kwa haraka zangu nikachota chini kabisa, kwenye mashapo, penye nyuzi za michikichi na mchanga. Wala sikutia matone manne. Nilijaza.

Nilijiambia mafuta ni mafuta. Lakini injini ilipolia pale bandarini, nilijua. Nilisimama nyuma ya mama na nywele zangu zinazong'aa, nikasikia Baba akikudhalilisha, nikanyamaza. Siku uliyopanda basi nilikubebea begi mpaka stendi. Uliniambia nimtunze mama na nisiache shule. Nikasema ndiyo kaka, ndiyo kaka, na neno lenyewe nikarudi nalo nyumbani. Baadaye nikajidanganya kwamba umri utanisamehe, kisha kwamba umeshasahau, kisha kwamba huko Bukoba umefanikiwa na huenda hata nimekusaidia. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, ila yangu ilifika mbali.

Basi harufu ikapanda kutoka mchangani. Wewe unaijua harufu ya mawese yakipata moto. Hakuna mtoto wa Kyela asiyeijua, hata akiwa amelala. Jicho la kushoto la Baba bado bovu, lakini pua yake haijawahi kuugua. Akainua kichwa. Akamtazama Hezroni, na Hezroni akatazama paa.

"Tusajigwe," Baba akasema. "Nani alitia mawese humu?"

"Mimi, Baba."

Nikamwambia yote, na habari ya nywele pia. Sikulia, sijui kwa nini, nililia baadaye. Alikuwa akiitazama ile punje tu. Ikapasuka, pa, ikawa nyeupe.

"Sasa," akasema. "Gonga."

Nikaitoa kwa matambara mawili, nikaisukuma krankshafti kwa kijiti cha mpera, ikatoka kama vile haijawahi kugoma. Nikaigeuza nyumba mdomo chini, nikaigonga kwenye ubao mara moja, mara ya pili, na beringi kubwa ikadondoka yenyewe kama jino la mtoto. Ile ndogo ya mbele ilitusumbua. Tuliizika tena, tukapasua punje nyingine, ikakataa, tukarudia. Mara ya tatu niliweka kijiti ndani, nikagonga polepole kama Baba alivyoniambia, ikasogea, ikasogea tena, ikaanguka. Mchana wote huo Baba hakusema kitu kisichohusu joto wala kijiti. Nilitamani anipige, yaishe.

Nikaifungua ile kubwa. Gololi zake zilikuwa zimegandiana kwa utomvu mweusi mgumu, na ndani ya utomvu zilionekana nyuzi za mchikichi na chembe za mchanga, wazi kabisa, hata Hezroni aliziona bila miwani. Mawese yangu yalikuwa bado yananisubiri.

Lakini Baba hakuwa akitazama beringi. Alikuwa ameichukua nyumba ya injini, ameigeuzia mlangoni kwenye mwanga, anatazama ndani ya matundu mawili ambamo beringi zilikuwa zimekaa. Akapitisha kidole polepole, akazunguka, akarudia. Beringi ikiingizwa upande huacha alama upande mmoja, imekwangua hapa, imelegea pale. Unajua. Mle ndani kulikuwa na duara safi, sawasawa, kotekote.

"Zilikaa sawa," akasema.

Akaniita nione. Akamwita Hezroni aone. Akasema hata yeye asingeziingiza vile. Kisha akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. Hakulia hata kwenye msiba wa mama, na siku hiyo vilevile hakulia, ila alihangaika na ile kofia mpaka nikamwonea huruma.

Nikapiga magoti nimwombe radhi. Akaniambia niinuke, sakafu ina pumba. "Wewe ulikuwa mtoto mwenye nywele zako," akasema. "Mimi nilikuwa fundi. Fundi anayehukumu injini bila kuifungua ni mpiga ramli. Nilimpigia mwanangu ramli mbele ya watu."

Hayo ni maneno yake, kaka, sijaongeza wala kupunguza. Mimi sitaki kujificha nyuma yake. Yeye alikosea dakika moja kwa kiburi, akaendelea kukosea kwa kutofungua kasha. Mimi nilikuwa na dawa mdomoni siku zote hizo. Ile nafasi ya chuo ilikuwa yako na niliipoteza mimi. Nakuomba unisamehe. Hulazimiki kunijibu haraka, na ukitaka kunitukana kwanza, nitukane. Nina umri wa kutosha na mwili wa kutosha, kama Baba alivyowatangazia wateja wangu.

Beringi mpya zimepatikana Mbeya, namba zilezile. Zimo kwenye kimfuko chao kabatini. Nilitaka kuziingiza mimi, maana sasa naujua moto na naijua punje. Baba akakataa. Aliifuta nyumba ya injini, akaifunga kwenye ile kanga ya bluu, akasema aliyeziingiza sawa mara ya kwanza ndiye atakayeziingiza tena. Mafuta ya nyonyo ameyakamua mwenyewe, chupa nzima. Ameiweka juu ya kabati nisikofika bila kiti, na amebandika karatasi: SI YA NYWELE.

Kukuambia haya kwa simu anashindwa. Wiki iliyopita uliniuliza kwa nini Baba alikupigia, akauliza kama Bukoba kuna mvua, kisha akakata. Ndiyo hiyo sababu. Alikuwa amejiandaa tangu asubuhi, amevaa na koti.

Kwa hiyo nakuomba uje, ukipata likizo. Goti likikuruhusu mje wote. Asajile hajaliona ziwa letu tangu akiwa mgongoni kwa mama yake. Jiko la pumba liko tayari, mchanga tumeuhifadhi kwenye ndoo, na punje za mpunga, sidhani kama tutapungukiwa.

Shangazi Monica wa Busale anakusalimu sana na anauliza kama kweli huko mnakula ndizi siku zote bila kuchoka. Hezroni anakusalimu ingawa hamjaonana; anasema ameusifu mkono wako kwa wateja wote wiki nzima. Nisalimie wifi, na umwambie asante sana, ndaga fijo, kwa ile kahawa. Mungu awalinde na barabara, ngazi na majokofu mazito, na awafikishe kwetu mkiwa salama.

Ndani ya bahasha utakuta kitu kizito kimefungwa kwenye kitambaa. Ni beringi ile kubwa. Sikuiosha. Ukiwa na shaka lolote na haya niliyoandika, ipashe moto kidogo, uinuse.

Ni mimi mdogo wako, niliyekupenda hata nilipokunyamazia,

Tusajigwe.

Baba ameniomba nimwachie nafasi hapa chini aandike mwenyewe. Imemchukua muda, na mwandiko utauvumilia:

Amon. Nimefungua nikaona. Zilikaa sawa. Baba yako, Andongwisye.